Bibi Makabrasha Anajibu: Jina la mtumwa litangulie la bwana wake

Toleo lililopita niliandika nusu ukurasa tu kuhusu madaftari ya watumwa wa mashamba ya karafuu, kwamba yapigwe picha na kuhifadhiwa kwenye kompyuta kabla mchwa hawajamaliza kuyasoma. Nilidhani ni jambo la sisi wachache tuliozeeka kwenye vyumba vya makabrasha. Kumbe sivyo. Barua zimemiminika hadi mhariri akaniuliza kama nimewaahidi watu urithi. Hizi hapa ni chache kati ya hizo. Majina ya waandishi nimeyaacha nje. Wengine waliomba, wengine nimewaamulia mwenyewe.

Bibi, shikamoo. Baba alipofariki tulifungua sanduku lake, na chini kabisa tukakuta karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Moja ina maandishi ya Kiarabu na muhuri, ya pili ni ya Kiingereza na ina namba. Mjomba anasema ni hati ya uhuru ya babu yake baba, ambaye alikuwa mtumwa shambani. Mikunjo imeanza kukatika. Kaka anataka tuipeleke duka la stesheni ikapigwe laminesheni. Tumwache? — Msomaji, Wete, Pemba

Marahaba mwanangu. Msimwache! Laminesheni ni gundi na moto, na ikishapigwa haitoki tena. Karatasi ya zamani ina asidi yake ndani, na ukiifungia kwenye plastiki itaendelea kujila humo humo huku nyinyi mnaiona inang'aa. Selotepu ni vivyo hivyo. Baada ya miaka michache plastiki inabanduka, inabaki doa la rangi ya chai juu ya maandishi.

Fanyeni hivi. Subirini siku hewa ina unyevu, na Pemba siku hizo hazikosekani, kwa sababu karatasi kavu huvunjika mkunjoni. Ifungueni taratibu juu ya meza safi. Ikikataa, iacheni ilivyo. Iwekeni karibu na dirisha, mwanga uingie lakini jua lisiipige. Simu ishikwe juu yake sawasawa, isiinamie upande, na flashi izimwe. Pigeni ukurasa mzima na kingo zake zote zionekane, kisha mgeuze mpige nyuma hata kama mnaona hakuna kitu, maana makarani walipenda kuandika nyuma. Halafu msogee karibu na muhuri, na karibu zaidi na ile namba. Wekeni rula pembeni ili atakayeiona picha ajue karatasi ina ukubwa gani. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, msitume kama picha ya kawaida. Ile ya kawaida hubanwa na herufi ndogo hupotea.

Karatasi zenyewe zikae zimenyooka ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe. Mfuko wa nailoni haufai. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni na lisiguse ukuta. Na najua Wete kila kitu hutiliwa karafuu kufukuza wadudu: humo msizitie, mafuta yake yana madoa.

Sasa, mmeshika kitu gani? Tarehe 6 Aprili 1897, mwaka 1314 wa Hijria, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mtu. Wengi hudhani siku ile watumwa wote waliamka huru. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani aombe, na bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki kihalali alilipwa fidia na serikali. Aliyeachwa huru hakulipwa kitu. Kinyume chake, aliambiwa aonyeshe mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Kwa hiyo kila mtu aliyepita hapo aliandikwa: nani, wa nani, anakwenda kukaa wapi. Hati ya kwenu ni nusu moja ya habari. Nusu ya pili ipo, au ilikuwepo, kwenye rejista ya serikali, na ile namba ndiyo inayoziunganisha. Ndiyo maana nikasema muipige karibu zaidi.

Na kama mnajiuliza kwa nini Pemba hasa: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Wenye mitaji wakahamishia macho huko. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko na kuzuia watumwa kupitishwa baharini, lakini mashamba ya Pemba yalikuwa yanataka mikono na majahazi yaliendelea kuvuka usiku. Huenda babu yenu alivuka kwa njia hiyo. Chukueni nakala za picha, asili ibaki nyumbani, mkaulize Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja.

Bi Mkubwa, habari za kustaafu? Mimi ni fundi wa kompyuta. Nilisoma makala yako nikacheka kidogo, unisamehe. Skana ya ofisini kwetu inameza kurasa 40 kwa dakika. Daftari la kurasa 400 ni dakika kumi. Kwa nini mnasema kazi hii ni ya miaka? — Fundi, Kinondoni, Dar es Salaam

Umenichekesha na mimi. Njoo na hiyo skana yako uimeze karatasi ya 1897 iliyofungwa kwa pini yenye kutu, halafu tuokote vipande pamoja.

Daftari la zamani halipitishwi kwenye mashine. Wino mwingi wa wakati ule ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma, na chuma hicho kinakula karatasi polepole hadi herufi inakuwa tundu. Uti wa kitabu umekauka. Ukiulaza bapa unapasuka. Kwa hiyo kitabu hulazwa kwenye kitanda chenye umbo la V, kamera ikafungwa juu, taa mbili pembeni, kadi ya rangi na rula chini. Mtu mmoja anafungua ukurasa, mwingine anapiga. Kila ukurasa, na ule mtupu pia, na jalada mbele na nyuma, kwa sababu siku moja atatokea wakili au mjukuu aulize kama kuna ukurasa uliorukwa.

Wewe ni fundi, hesabu hii utaipenda. Ukurasa wa A4 kwa nukta 400 kwa inchi, rangi kamili, bila kubanwa, ni karibu MB 46. Kurasa 400 zinakupa GB 18 na ushei, na madaftari ya serikali mengi ni makubwa kuliko A4. Picha hiyo isiyobanwa, faili la aina ya TIFF, ndiyo ya kuhifadhi. Ya kumwonyesha msomaji unatoa JPEG, iliyobanwa na nyepesi. Kisha nakala tatu, zisikae zote kwenye aina moja ya chombo, na moja iwe mji mwingine kabisa. Juni 2024 moto uliteketeza jengo moja la Idara ya Nyaraka ya Barbados, nchi ambayo historia yake yote ni ya mashamba ya miwa na watumwa. Diski nayo hufa, tena kimya kimya, kwa hiyo kila mwaka mtu akae azifungue na kuhakiki kwamba faili hazijabadilika hata herufi. Mradi ukiisha fedha, mtu huyo ndiye wa kwanza kuondolewa. Nimeliona hilo kwa macho yangu na bado linaniudhi.

Lakini hayo yote ni mepesi. Miaka inaingia kwenye faharasa, yaani orodha ya kutafutia majina.

Fikiria simu yenye namba 50,000 zisizo na jina hata moja. Ndivyo zilivyo picha za nyaraka bila faharasa. Na swali langu mimi, ambalo nililiuliza vikaoni hadi wakanichoka, ni hili: faharasa ianze na jina la nani? Rejista za mwaka 1897 na kuendelea ziliandikwa ili mabwana walipwe. Kwa hiyo zimepangwa kibwana. Ukitaka kumpata mtumwa, uanze kwa kujua alimilikiwa na nani. Mjukuu anayetafuta hajui hilo! Anajua bibi mkubwa aliitwa Zafarani na aliishi karibu na mto. Basi.

Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake, Karibi na Mauritius zikiwemo, iliwalipa mabwana pauni milioni 20. Chuo Kikuu cha London, UCL, kimeweka mtandaoni madai yao, kama 46,000 hivi, tangu 2013. Ni kazi kubwa na nawaheshimu. Lakini ukiingia mlangoni wanaokupokea ni mabwana, kwa kuwa karatasi za fidia ndivyo zilivyo. Wadenmark mwaka 2017, ilipotimia miaka 100 tangu wauze visiwa vyao vya Karibi kwa Marekani, waliweka mtandaoni picha kama milioni tano. Milioni tano! Ila nyingi zimeandikwa Kidenmark, kwa mwandiko wa kale ambao hata Mdenmark wa leo haufahamu bila kufundishwa, na wajukuu wa watumwa wa visiwa vile wanasema Kiingereza. Picha zipo, babu hapatikani.

Suriname walikwenda kinyume. Rejista za watumwa za mwaka 1830 hadi 1863 zilipigwa picha, kisha mwaka 2017 wakaitwa watu wa kujitolea, Suriname na Uholanzi, kila mmoja nyumbani kwake, wakaandika mstari kwa mstari. Kazi iliyoonekana ya miaka ikaenda kwa miezi michache. Sasa mtu anaandika jina na shamba, anaona. Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi kwa Unguja na Pemba, na kwa Malindi pia.

Mstari mmoja kwa mtu mmoja. Jina kama karani alivyoliandika, hata kama amekosea. Pembeni yake, safu ya pili, jina kama tunavyolitamka. Karani Mwingereza anaandika Mabrook leo, Mabruk kesho, na kadhi ameandika kwa herufi za Kiarabu, na wote ni Mabruki mmoja yule yule. Usisahihishe waraka, sahihisha kwenye safu yako. Kisha mwanamke au mwanamume, umri (ujue ni wa kukisia, karani alimtazama mtu usoni akaandika 30), kabila lililotajwa, shamba, wilaya, tarehe ya Hijria na ya Miladi, ukurasa. Jina la bwana lipo, silifuti. Lije mwisho.

Na programu za kusoma mwandiko zinasaidia kwa Kiingereza na Kijerumani. Kwa hati zetu za herufi za Kiarabu, mkono wa haraka wa karani wa Chake Chake, bado ni jicho la mzee na subira. Wazee hao wanapungua. Ukitaka kusaidia, kijana, achana na skana. Nitengenezee jedwali la kuandikia linalofanya kazi bila intaneti, linalokubali herufi za Kiarabu kutoka kulia, na ambalo umeme ukikatika halipotezi kitu. Hilo hatuna.

Bibi, kwenye filamu nawaona wamevaa glavu nyeupe. Parokia yetu ina rejista za ubatizo za zamani, zina majina ya waliokombolewa. Tununue glavu? — Katekista, Tanga

Hapana. Glavu ya pamba inaondoa hisia ya vidole, ndipo unapochana ukurasa. Osha mikono, ikauke kabisa, usijipake mafuta. Glavu ni za picha za kamera na negativu. Kalamu ya wino isiingie chumbani, tumieni penseli. Chai na maandazi yabaki nje, hata ya Baba Paroko.

Bibi, salaam. Sisi ni wa Malindi. Nyanya alikuwa akisema mamake alizaliwa kwenye shamba la mtama la Mwarabu na kwamba mjombake alitorokea Rabai. Nimeuliza huku na huku, naambiwa kumbukumbu zote ziko Zanzibar. Kweli? — Mjukuu, Malindi

Si kweli, ingawa nakuelewa kwa nini wanasema hivyo. Malindi ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalistawi kuanzia miaka ya 1860 kwa kazi ya watumwa. Lakini pwani ya Kenya ilipitia mlango wake. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa huko mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja, na mabwana wakapewa muda wa kudai fidia. Madai hayo yalipitia kwa maafisa wa Kiingereza wa pwani, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa za Kenya, Nairobi, makabrasha ya Mkoa wa Pwani. Uliza pia kuhusu madai ya ardhi yaliyoandikishwa baada ya sheria ya hati za ardhi ya 1908. Humo mashamba yanatajwa kwa majina na mipaka, na mara nyingi mpaka ni nyumba ya mtu.

Mjomba wa Rabai ni habari nyingine, na ukiwa na bahati ni nyepesi zaidi. Wamisheni wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walikuwa Rabai, na Frere Town, karibu na Mombasa, wakaifungua mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa majahazini. Watoro wa mashambani walijazana Rabai hadi mabwana wakatishia vita. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akakubali kuwalipa, na siku ya mwaka mpya 1889 watoro zaidi ya 1,000 wakapewa karatasi zao za uhuru. Mtu aliyepewa karatasi ameandikwa mahali. Tafuta rejista za ubatizo na ndoa za kanisa lenyewe, halafu ujue kwamba karatasi za CMS zilizopelekwa Uingereza ziko Chuo Kikuu cha Birmingham.

Kabla ya kwenda Nairobi, kaa na wazee uandike majina ya mashamba. Msaidizi wa nyaraka ukimwambia "natafuta mama wa nyanya" atakuhurumia. Ukimwambia jina la shamba na kijito kilichopita kando yake, atainuka kitini.

Assalaam alaykum Bibi. Nilizaliwa Unguja, tukahamia Maskati nikiwa mdogo. Babu yangu alikuwa na mashamba ya karafuu. Kuna madaftari yake ya hesabu hapa nyumbani, na humo mna majina ya watumwa, bei zao, waliokufa, waliotoroka. Watoto wangu wanasema tuyachome, yataleta aibu. Mimi moyo unakataa. — Mama wa Maskati

Waalaykumu ssalaam, bibi mwenzangu. Moyo wako una akili kuliko watoto wako, uwaambie nimesema.

Serikali ya Brazili ilifuta utumwa Mei 1888. Tarehe 14 Desemba 1890, waziri wa fedha Ruy Barbosa aliamuru nyaraka za utumwa zilizokuwa kwenye ofisi za hazina ya serikali zichomwe. Ilisemwa ni kuondoa doa kwenye historia ya taifa, na ilisemwa pia ni kuwazuia waliokuwa mabwana wasije kudai fidia. Inawezekana nia ya pili ilikuwa njema. Lakini aliyepoteza ni nani? Mabwana walibaki na mashamba, majumba na majina ya ukoo. Wajukuu wa watumwa ndio waliobaki na majivu.

Sitakudanganya kwamba aibu haipo. Ukifungua ukurasa ukaona mtu kaandikiwa bei chini ya punda, na mwandiko ni wa babu aliyekupakata, utaumia, na sijui kwa nini usiumie. Lakini wajukuu zako hawakuandika bei ile. Wao watakuwa waliolihifadhi jina, au watakuwa waliolichoma. Hilo ndilo la kwao.

Na nikuambie kitu ambacho pengine hukijui kuhusu thamani ya ulichonacho. Rejista ya serikali inamtaja mtumwa mara moja, siku ya kuachwa huru, basi. Daftari la shamba linamfuata mwaka hadi mwaka. Msimu huu amechuma pishi ngapi, huu alikuwa mgonjwa, huu kazaa, huu katoroka na mwezi uliofuata karudi. Alhamisi na Ijumaa halimtaji, kwa kuwa zilikuwa siku zake za kulima kiunga chake mwenyewe, na ukimya huo nao ni habari. Kwa watu wengi wa humo, mstari ule wa babu yako huenda ndiyo karatasi pekee duniani inayosema kwamba waliwahi kuishi.

Yapigwe picha hapo hapo nyumbani kwako, yasisafirishwe. Asili unaweza kukaa nayo, au kuikabidhi kwa mamlaka ya nyaraka ya Oman, ambayo ipo tangu 2007. Nakala kamili ije Unguja. Akija mtu na fedha za kigeni, muulize swali moja: asili zinabaki nchini? Mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, una sharti hilo, kwamba asili zisitoke nchini na nakala zibaki kwa wenyeji. Asiyekubali sharti kama hilo mpe kahawa na umsindikize.

Muandikiane mkataba. Madeni ya babu, talaka zake, ugomvi wake wa mirathi na nduguze, una haki ya kusema vifungwe kwa miaka fulani. Majina ya watumwa yasifungwe hata siku moja. Hapo mimi sikubaliani na mtu, hata awe na shahada ngapi.

Bibi, mimi ni mwalimu wa skuli, Unguja shamba. Unachochea moto usioujua. Hapa kuna watu wanaheshimika. Ikitokea kwenye intaneti kwamba bibi yao alikuwa mtumwa wa fulani, ndoa zitavunjika na watoto watatukanwa. Kwa nini tufukue? — Mwalimu

Mwalimu, moto huu naujua, nimeishi nao. Nimewahi kuona mtu anasoma jina, anafunga daftari, anatoka bila kuaga. Kwa hiyo sikujibu kwa wepesi.

Kwanza, faharasa haisemi fulani wa leo ni mjukuu wa nani. Inasema: mwaka huu, shamba hili, mtu huyu. Kamba ya kutoka pale hadi kwa mtu aliye hai anaifunga mwenyewe, akitaka. Mtunza nyaraka asiifunge kwa niaba yake, na mwandishi wa habari asiifunge kabisa. Pili, si lazima kila kitu kiwe wazi kwa dunia nzima usiku mmoja. Majina na mashamba yawekwe mtandaoni. Kesi za mahakamani zenye matusi na siri za ndani zisomewe chumba cha kusomea, mtu akiwa amejiandikisha.

Lakini tukificha vyote, usifikiri tumeficha sawa kwa wote. Ukoo wa bwana una hati ya shamba, una wakfu, una mti wa nasaba ukutani. Ukoo wa mtumwa una mstari huo mmoja tu. Tena wapo mabwana waliowaachia watumwa wao ardhi kwa wakfu walipowaacha huru, na leo watu wanahamishwa kwenye ardhi hiyo kwa sababu hawajui karatasi ipo.

Halafu hiyo heshima, mwalimu, tuitazame vizuri. Amri ya 1897 iliwaacha masuria nje. Wao walihesabiwa kama wake, na hawakuweza kwenda kuomba uhuru kama wengine hadi sheria ya mwaka 1909. Ndiyo maana ukitafuta wanawake kwenye rejista unawakuta pungufu, na inabidi uwafuate kwenye wasia na mirathi ya kadhi, mama wa fulani, mama wa fulani. Ni mama wa nani hao? Watoto wa Sultani Seyyid Said waliomrithi walizaliwa na masuria. Seyyid Barghash, aliyetia saini ule mkataba wa 1873, mama yake alikuwa Mhabeshi, suria. Kama jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na mtoto huyo wa suria, sioni nani wa kijijini kwako anayestahili kuvunja ndoa.

Wafundishe watoto hilo kabla intaneti haijawafundisha vibaya.

Bibi, jambo. Huku Kindu tunasikia kwamba kwenye vitabu vya Unguja wameandikwa Wamanyema wengi. Tunaweza kuwapata watu wetu? — Msomaji, Kindu, Kongo

Jambo sana. Wameandikwa, ndiyo, lakini nenda taratibu na hilo jina. Misafara ya kina Tippu Tip, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ilikusanya watu Kasongo na pande zote za mto Lualaba, ikapita Ujiji na Tabora hadi pwani. Karani wa pwani hakuuliza lugha ya mama. Aliyetoka njia ile akaandikwa Mmanyema, hata kama kwao alikuwa Msongola, Mzimba au Mkusu. Wengine walikwishakaa Ujiji miaka, wakajitaja hivyo wenyewe.

Usitafute Unguja tu. Wengi waliishia bara, upande wa Wajerumani, ambao walitoa hati za uhuru zao wenyewe, na waliamuru kwamba watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa kisheria ulimalizwa huko na Waingereza mwaka 1922. Makabrasha ya Kijerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Majina ya utumwani, Feruzi, Mabruki, Bahati, Tausi, yalitolewa na mabwana, hayatakufikisha Kindu. Kinachoweza kukufikisha ni jina la mto, la kijiji au la chifu ambalo karani aliliandika kwa kusikia bila kulielewa. Kwa hiyo waombe wazee wenu wayataje majina ya zamani ya vijiji, myarekodi kwa simu jinsi yanavyotamkwa, mnitumie sauti hizo kupitia kwa mhariri pamoja na maandishi. Mimi nitazisikiliza huku nimefungua faharasa. Na atakayewaambia atawatafutia babu mtandaoni kwa dola, msimpe kitu.